Vitanda Tulivyokatazwa Kukarabati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo. Barua ya ajira ilisema nimekuwa karani wa ugavi katika bohari ya serikali mjini Kisii, kwa hiyo nilikuwa nimevaa sketi ya kijivu niliyoshonewa na dada yangu nyumbani Ikonge, nikitarajia kuonyeshwa meza na kiti. Afisa wa Ugavi wa Wilaya, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuvua koti hata jua likiwaka, alinipeleka moja kwa moja kwenye rundo la majembe yaliyoletwa asubuhi hiyo na mfanyabiashara mmoja.

“Gonga,” akasema.

“Nigonge nini, bwana?”

“Kila jembe. Linalolia kama kengele, weka kulia. Linalosema ‘pu’ kama mtungi uliopasuka, weka kushoto.”

Niligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Rundo la kushoto likawa kubwa kuliko la kulia. Mwenye mali alipoitwa aje ayachukue majembe yake, alifoka kwamba hajawahi kuona serikali inayonunua kwa sikio. Alipoondoka ndipo Afisa akanigeukia mimi.

“Binti yangu, serikali haina macho. Macho yake ni yako. Ukisema jembe ni zima nalo si zima, kuna mama huko Nyamira atalivunja siku ya kwanza ya kulima, na hatajua amlaumu nani.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu ya ugavi. Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii vyuoni mnaiita ununuzi wa umma na mnaifanya kwa kompyuta, lakini shina lake ni lile lile: kununua kwa niaba ya watu ambao hutawaona, kupokea vilivyonunuliwa, kuvitunza na kuvigawa. Kitu kikiwa kikubwa tulitangaza zabuni, ambayo wengi huiita tenda. Serikali inasema inataka nini na cha namna gani, wauzaji wanaandika bei zao na kuzifunga kwenye bahasha, na bahasha zinafunguliwa mbele ya wote siku moja, ili asiwepo wa kusema mwenzake alichungulia.

Kituo changu cha pili kilikuwa Nyamira, kwenye idara ya elimu. Huko nilinunua madawati ya shule kutoka kwa maseremala wa Ekerenyo na wa kwetu Ikonge. Msidhani nawasifu kwa sababu ni watu wetu. Madawati ya kwanza yalikuwa aibu. Walitumia mbao za mkaratusi mbichi, na zilipokauka darasani zikajipinda, miguu ikawa inacheza, watoto wanaandika huku wakiyumba. Afisa Elimu wa Wilaya alikasirika sana.

“Hawa maseremala wako, Moraa, wanafaa kujenga vibanda vya kuku,” akaniambia. “Mwaka ujao tunaagiza Nairobi.”

Nilimwomba anipe msimu mmoja. Niliwaita maseremala kwenye uwanja wa shule, nikawaonyesha madawati yao wenyewe, na mmoja wao akakaa juu ya dawati lake likamwangusha. Hakuna aliyecheka. Tulikubaliana kwamba mbao zitapangwa kivulini zikauke kabla ya kuguswa na randa, nami nitapita kuzikagua. Waliyarudia madawati yale kwa gharama yao. Baadhi ya yale ya kundi la pili bado yanakaliwa. Nimeyaona kwa macho yangu. Fundi wa karibu akikosea, unajua mlango wake. Unaweza kumfuata kwake, mkewe akakukaribisha uji, naye akashindwa kukutazama usoni. Sikuona kama hilo ni jambo kubwa wakati huo.

Serikali za kaunti zilipokuja, nilihamishiwa makao makuu ya kaunti kama afisa wa ununuzi wa idara ya afya. Kaunti zetu huku milimani ni mbili na hospitali ni nyingi. Sitataja ni ipi. Waliohusika wana watoto, na ninayoyasimulia yangeweza kutokea popote.

Hospitali yetu kubwa ilikuwa na wodi ya akina mama ambayo ukiingia unakanyaga kwa hadhari. Waliojifungua walilala wawili wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni pa yule, na vichanga katikati. Waliokosa walilala sakafuni juu ya magodoro. Vitanda vyenyewe vilikuwa vya enzi ya kabla ya mimi kuajiriwa. Kaunti ikatenga pesa zake yenyewe kununua vitanda vipya, nami nikaandika kwenye tangazo kwamba vilivyotengenezwa nchini vitapewa nafasi ya kwanza, kama sheria inavyoruhusu.

Aliyekuja na moto wa kweli alikuwa Hashim. Kisii mjini nani hakumjua? Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mgusii, akafungua duka la vyuma. Hashim alizaliwa hapo hapo mjini, anazungumza Ekegusii kama mimi, na siku ya Ijumaa humkuti popote ila msikitini. Duka aliwaachia kaka zake. Yeye alipenda kutengeneza kuliko kuuza, akafungua karakana ya kuchomelea vyuma. Fundi wake mkuu aliitwa Ombati, kijana wa Ekerenyo aliyesomea chuo cha ufundi, mwembamba, mwenye maneno makali na mkono mtulivu.

Walileta kitanda cha mfano. Matroni wa hospitali, yaani muuguzi mkuu, alikuwa mwanamke wa miraba minne asiyecheka ovyo. Alikizunguka kitanda kile, akakipanda, akaushika ule ukingo wa pembeni unaomzuia mgonjwa asianguke, akajirusha kwa uzito wake wote. Ukingo ukapinda.

“Matroni!” Ombati akasema kwa uchungu. “Hiyo si njia ya kushika kitanda.”

“Kijana, mama akishikwa na uchungu hashiki kitanda kwa adabu,” Matroni akamjibu. “Rudi nacho.”

Alirudi nacho. Baada ya siku chache akakileta tena, ukingo umefungwa kwa vyuma vitatu badala ya kimoja, magurudumu yamebadilishwa yakawa makubwa ya mpira, kwa sababu alikuwa ameiangalia sakafu ya wodi na kuona nyufa zake. Matroni akajirusha tena. Kitanda kikatulia tuli. Akashuka, akarekebisha kofia yake, akasema neno moja: “Hiki.”

Hashim akauza kiwanja alichorithi mjini. Akanunua mashine ya kupinda mabomba na tanuri la kuokea rangi ya unga, ile rangi isiyobanduka mgonjwa akikwaruza. Nilipopata habari nilikwenda kumwona.

“Bwana Hashim, mshindi wa zabuni hajatangazwa. Unanunuaje mashine kwa kutegemea mdomo wangu?”

“Mama, si mdomo wako,” akasema. “Nikiingoja barua nikiwa mikono mitupu, mtasema sina uwezo. Nikinunua mapema, mtasema nimeharakisha. Mwenye kiwanda aingilie mlango upi?”

Alikuwa amesema kweli tupu.

Bahasha zilifunguliwa. Kamati ya tathmini, ambayo kazi yake ni kulinganisha wazabuni kwa ubora na bei, ikakaa, na Hashim akatoka wa kwanza bila ubishi. Barua yake ya ushindi ilikuwa imeshaandaliwa pale Mkurugenzi wa Ununuzi aliponiita ofisini. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, msomi, nadhifu, na niseme wazi kwamba sikuwahi kumwona akila rushwa ya mtu. Kama angekuwa mwizi, hadithi hii ingekuwa nyepesi kuisimulia.

“Keti, Madam Moraa. Zabuni ya vitanda imefutwa.”

“Imefutwa na nani?”

“Imepitwa. Serikali kuu Nairobi imepata mkopo wa vifaa vya hospitali kutoka serikali ya nje. Vitanda vimo. Kaunti haitoi chochote sasa hivi. Ila mkopo una sharti lake. Kila kitu kinunuliwe kwa kampuni ya nchi inayokopesha.”

“Kila kitu?”

“Hata msumari wa kutundikia saa.”

Nikamkumbusha sheria ya kuwapa wazalishaji wa ndani nafasi ya kwanza. Akatabasamu kwa huzuni. Akaniambia sheria hiyo hiyo inayaacha makubaliano ya serikali na serikali yafuate njia yake, na kwamba makubaliano yamekwisha kutiwa sahihi.

“Na Hashim?”

“Hashim hana mkataba nasi. Sheria inaruhusu kufuta kabla ya mkataba.” Akainama mbele. “Tukivikataa, kaunti ya jirani itavichukua. Wewe ingia wodini umwambie mama aliyelala sakafuni asubiri, kwa sababu tunataka kitanda chake kitengenezwe Kisii. Utaweza?”

Miaka imepita, na mara nyingine nikichuma majani chai bado namtafutia jibu. Ninalo moja tu, nalo linakuja kwa kuchelewa: kwamba swali lile lilipaswa kuulizwa siku mkopo ulipokuwa ukijadiliwa, mbele ya mtu anayeijua sakafu ya wodi yetu. Lilipotufikia sisi lilikuwa limeshafungwa kila upande.

Nilimpelekea Hashim habari mwenyewe. Nilimkuta akisimamia mafundi wanaounganisha tanuri na bomba la moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba mashine zizimwe, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Ombati ndiye aliyezivua glavu akazitupa chini.

“Kwani chuma chao kinachimbwa mbinguni?”

“Ombati,” Hashim akamtuliza.

“Hapana, Bosi, mwache anijibu. Tuliambiwa turudie, tukarudia. Tukaambiwa tushindane, tukashinda. Tulikosea wapi, Madam?”

“Hamkukosea,” nikasema. Lilikuwa jibu baya kuliko yote, maana aliyekosea hujirekebisha. Mwezi ule Hashim aliwaachisha kazi nusu ya vijana wake.

Vitanda vya nje vilifika vikiwa kwenye maboksi, vyeupe, vinang'aa, na kwa kweli vilipendeza. Viongozi walikuja, akina mama wa kwaya wakaimba, utepe ukakatwa. Baada ya sherehe ikakutana kamati ya ukaguzi na upokeaji. Hiyo ndiyo kamati inayotazama mali iliyoletwa kabla ya serikali kuikubali, nami nilikuwa mjumbe. Nilipiga magoti nikatazama chini ya kitanda. Miguu ilikuwa ya bomba jembamba. Magurudumu yalikuwa madogo, ya plastiki. Gia ya kuinulia upande wa kichwa nayo plastiki. Ukingo wa pembeni ulishikiliwa na kibanio kimoja, plastiki pia, kinachofunguka kwa kidole.

Afisa Mkuu wa Afya ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Nilimwambia vitanda hivi havitamaliza mwaka.

“Vinalingana na vipimo vilivyo kwenye mkataba?” akauliza.

“Vinalingana. Tatizo ni vipimo vyenyewe. Havikuandikwa kwa wodi kama yetu.”

“Madam Moraa, kamati hii haikuitwa kukagua vipimo. Imeitwa kukagua vitanda.”

Wengine waliafiki. Nikaomba pingamizi langu liandikwe, likaandikwa, na vitanda vikapokelewa. Vilikuja na waranti, yaani ahadi ya kampuni kutengeneza kinachoharibika. Ahadi hiyo ilikuwa na fundo lake: kitanda kikiguswa na fundi asiye wa kampuni, ahadi imekufa.

Magurudumu ndiyo yaliyotangulia. Yalinasa kwenye nyufa, yakavunjika, vitanda vikawa vinaegemea upande kama mtu mwenye jipu mguuni. Zikafuata gia. Nilipiga simu ofisi ya kampuni Nairobi, msichana mwenye adabu akanijibu kila mara kwamba vipuri vitakuja kwa meli. Vitanda vilivyoshindikana vilirundikwa nyuma ya chumba cha kufulia, magugu yakaota kati ya vyuma, na wodini akina mama wakarudi kulala wawili wawili. Vibanio vya ukingo vilipoanza kukatika, Matroni aliwaagiza wauguzi wavifunge kwa bendeji.

“Siwezi kuendesha wodi kwa vitambaa,” aliniambia kwenye simu.

“Usiruhusu mtu avichomelee, Matroni. Waranti...”

“Waranti inazaa?” akakata simu.

Mwanamke aliyeanguka aliitwa Kerubo, mchumaji chai kutoka upande wa Ekerenyo. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji mtoto wa kike, wa kwanza. Alikuwa anaendelea vizuri. Asubuhi moja akajaribu kuketi ili amnyonyeshe, akaushika ukingo ajivute. Kibanio kikakatika, bendeji ikafunguka, akaanguka kwa tumbo kwenye saruji. Mshono ulifumuka. Walimkimbiza chumba cha upasuaji, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Mtoto aliokolewa na mama wa kitanda cha pili, aliyenyoosha mkono akamdaka kwa nguo.

Wiki ya maziko ilipokwisha, mama yake Kerubo alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mwanamke mzee aliyefunga kitambaa cheupe kichwani, amembeba mjukuu mgongoni. Walinzi walitaka kumrudisha, nikawaambia wamwache. Nilimsalimu kwa lugha yetu, nikampa kiti, hakuketi.

“Nani alinunua kitanda kile?”

Nilimweleza. Nilimweleza Nairobi, nikamweleza mkopo, nchi iliyokopesha, kampuni, mkataba. Nilijisikia nikizungumza kama mtu anayesoma kwa mbali. Alinisikiliza bila kunikatiza, akimtikisa mtoto polepole.

“Kwa hiyo hakuna mtu,” akasema.

“Yupo, mama. Ila yuko mbali.”

“Aliye mbali kiasi hicho hayupo.” Akajifunga khanga vizuri, akageuka. Mlangoni akasema, bila kunitazama, “Nilitaka tu nimwone uso.”

Siku hiyo hiyo niliacha mafaili yangu mezani nikaenda karakana ya Hashim. Nilimkuta akipaka rangi geti la mtu. Tanuri lilikuwa limefunikwa turubai. Nilimwambia yaliyompata Kerubo, kumbe alikuwa ameshasikia. Nikamwambia nataka vitanda vyote vya wodi ile vikarabatiwe, na kwamba sina barua ya kumpa, kwa sababu hakuna ofisi itakayoandika barua ya kuvunja waranti.

Ombati alikuwa akisikiliza nyuma yangu.

“Mlisema mikono yetu haifai kutengeneza. Leo inafaa kukarabati?”

“Mama huyu hakusema hivyo,” Hashim akamwambia.

“Basi aliyesema aje yeye.”

“Haji, Ombati,” nikasema. “Hakuna atakayekuja. Nimekuja mimi.”

Akainama akaanza kukunja waya wa mashine ya kuchomelea.

Walifanya kazi kweupe, katika ua wa hospitali. Matroni alipitisha waya wa umeme kwenye dirisha la chumba cha kufulia na kusimama hapo akiulinda kama askari. Akina mama waliojifungua walikaa kwenye benchi na watoto wao, wakigeuza nyuso kila cheche ziliporuka. Ombati alitupa vibanio vya plastiki akaweka pini za chuma, akaongeza vyuma kwenye miguu, akafunga magurudumu ya mpira. Hata vile vilivyootewa na magugu vilifufuka. Kila kitanda kilipokamilika, Matroni aliushika ukingo akajirusha. Hashim alikataa malipo ya aina yoyote, ila aliomba vijana wake wapewe chakula cha mchana cha jikoni. Kwa muda wote nilioendelea kupata habari za wodi ile, hakuna mama mwingine aliyeanguka.

Mwakilishi wa kampuni ambaye hatukumwona vipuri vilipohitajika alifika upesi aliposikia habari hiyo. Alipiga picha kila pini. Barua ikaja kwamba waranti ya vifaa vyote vya mkopo, si vitanda tu, imevunjika. Mkurugenzi aliniita.

“Umetugharimu waranti ya kila kitu, Madam.”

“Waranti ambayo haikuwahi kutuletea hata skrubu.”

“Hata hivyo tulikuwa nayo.” Alisema hivyo kwa uchovu, akiwa ameegemea meza kwa viganja vyote viwili, na nikaona kwamba naye alikuwa hajalala vizuri tangu msiba ule. “Nimejaribu kukulinda. Nimeweza kuzuia usifukuzwe.”

Nilihamishiwa bohari ya mbegu na mbolea, mbali na idara ya afya na mbali na zabuni. Nilipokea magunia, nikatoa magunia, hadi umri wa kustaafu ulipofika. Sikujuta. Lakini nisiwadanganye: ilikuwa miaka mirefu, na wenzangu wengi waliogopa kuonekana wakila nami. Hashim naye, bila barua wala kesi, alijikuta kila zabuni ya kaunti anayoomba inaangukia nje. Alinong'onezewa kwamba yeye ndiye aliyechezea mali ya mkopo. Mashine ya kupinda mabomba iliuzwa kwa wanaokusanya vyuma vikuukuu. Tanuri halikuwahi kuwashwa. Ombati alirudi Ekerenyo akafungua kibanda chake sokoni.

Nilipostaafu waliniandalia soda na keki, wakanipa blanketi, na afisa mmoja kijana akatoa hotuba ndefu kuhusu uadilifu bila kuniangalia. Sasa niko Ikonge na majani chai yangu na migomba. Wapo vijana wa vyuo wanaokuja kuniuliza kama mgeni ni adui. Huwa nawajibu hapana. Nimenunua vitu vizuri vya wageni maisha yangu yote, na nimekataa vibovu vya watu wetu. Huwa nawaambia wajiulize jambo moja kabla ya kutia sahihi: kitu hiki kikivunjika, kuna mtu ninayeweza kumfuata mlangoni? Wakishindwa kumtaja, waseme hivyo kwa sauti, mapema, kabla pesa hazijakopwa. Wengi huandika maneno hayo. Sijui wangapi watayasema.

Juzi Hashim alikuja kunitembelea. Gari lake ni jipya, tumbo limeanza kuchomoza, ndevu zimekuwa nyeupe. Tuliketi barazani, nikamtilia chai. Akaniambia sasa ameanza kupata zabuni za vitanda, na si kaunti moja. Anavileta kutoka nje vikiwa vipande vipande, vijana wanaviunganisha kwa skrubu katika ile karakana ya zamani, vinabandikwa kibandiko cha “Imetengenezwa Kenya”, na kwa sheria anahesabiwa mzalishaji wa ndani.

“Ni vizuri?” nikamuuliza.

“Ni vile vile vya plastiki, mama.”

Alitaka nimsaidie kupitia hati za zabuni kubwa inayokuja, kwa kuwa ninazijua kamati zinavyofikiri. Alinitajia na malipo. Nikamwambia nimestaafu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo, na tukakaa tukiangalia wachumaji wakipanda mlima na vikapu vyao.

“Na Ombati?” nikamuuliza.

“Nilimwita aje awe msimamizi. Nilimwahidi mshahara mzuri. Alikuja asubuhi, nikamkaribisha chai, tukasimama naye akiwatazama vijana wanavyofunga skrubu. Akaniuliza, ‘Bosi, mashine ya kuchomelea iko wapi?’ Nikamwambia siku hizi hatuihitaji.”

“Akasemaje?”

“Alimaliza chai yake. Akaenda kwenye bomba akakiosha kikombe, akakifuta kwa shati lake, akakirudisha mahali pake, akanishika mkono akaenda zake Ekerenyo kuchomelea keria za boda boda.”

Hashim alipofika hapo kwenye kikombe aligeuza uso upande wa migomba.